Kamba ya Kikosi

Kwa mara ya tatu mwaka ule, Meja Kilonzi wa makao makuu alimsukumia Sajini Zawena fomu ileile: mahitaji ya mitambo ya kikosi maalumu.

“Afande, mtambo mliotuletea unaziba redio za adui na zetu pia,” alisema Zawena. “Tukiuwasha, wote tunakuwa mabubu.”

“Andika.”

“Nimeshaandika mara mbili! Tunataka unaotuachia masafa yetu wenyewe.”

“Kamati inalifanyia kazi, Sajini.”

Kamati! Zawena aliuma meno. Danadana hizi zingekwisha siku kamati yenyewe ingelala porini.

“Sasa mkiuwasha,” aliuliza Meja, kalamu mkononi, “mnawasiliana vipi?”

Zawena alichomoa mfukoni kamba nyembamba yenye udongo mkavu, akaitandaza mezani. Ncha moja ilibaki imezunguka kidole chake.

“Tunafungana hii viunoni, afande. Mwenzako akivuta mara mbili, unasimama. Akivuta mara moja, anakwambia yupo.”

“Kamba? Zama hizi?”

“Zama hizi. Doria iliyopita, Koplo Mtenzi alikuwa wa mwisho, nyuma yangu. Nilivuta ili nijue kama yupo, nikangoja. Nilipovuta tena, kamba ikaja yenyewe, bila mtu.”

Meja aliweka kalamu chini. Akaishika ile ncha ya pili, akaivuta polepole, mara moja tu, kama anayepima uimara wake.

Zawena alikurupuka kitini, akageuka kuutazama mlango nyuma yake.