Ubeti wa Tatu

Mashabiki waliomba turekodi upya wimbo wetu wa zamani, ule unaoelekeza mahali penye mwamba wa samaki aina ya changu. Siku hizi mwamba uko ndani ya hifadhi, na uvuvi ni marufuku. Asubuhi ya kurekodi, mume wa Biubwa, mwimbaji wetu, alikuwa huko akivua kwa siri.

Na askari wa hifadhi, shabiki wetu mkubwa, alikuja kutusikiliza. Alikaa anafuatisha ngoma kwa kidole gotini.

"Ubeti wa tatu tuuruke," nilimnong'oneza Biubwa. Akaitikia kwa kichwa.

Lakini ulipofika, koo lake likatangulia kwa mazoea: *Mnara ukisimama nyuma ya mnazi uliopinda, tia nanga.*

Kidole kikatulia.

"Mama," askari alimuuliza Biubwa, akiinuka, "mnazi huo bado upo?"