Msomaji wa Mwenyekiti

Kitu cha kwanza alichokiona ni yule ndege. Mahali pake ni juu ya barua, kwenye nembo ya serikali, lakini siku ile alikuwa chini kabisa, amelala chali, miguu hewani. Mwenyekiti wa mji alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, akiitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na kila neno.

Binti aliyeyaona hayo alikuwa mfagizi tu wa ofisi. Aliinamisha macho haraka, lakini mzee alikwisha kumwona.

"Binti yangu, wewe si ulikuwa shule?"

Akaitikia kwa kichwa, maana ni kweli aliwahi kuwa.

"Basi kuanzia leo wewe ndiye macho yangu. Na hili libaki kati yetu wawili na huo ufagio."

Hayo yalikuwa ya miaka miwili nyuma, mji ukiwa bado mabati na mahema mwisho wa reli, watu wametoka kila upande, hakuna aliyejua mwenzake katoka wapi. Mzee walimchagua kuwa mwenyekiti wao wa kwanza kwa sababu alikuwa mwashi, na nyumba yake ndiyo pekee iliyobaki wima baada ya dhoruba. Habari za shule hakuna aliyemuuliza.

Barua za makao makuu zilikuja na treni. Utaratibu ulikuwa kwamba barua ikishasomwa hupigwa muhuri kwa nyuma na kurudishwa ilikotoka, iwe ishara kuwa agizo limepokelewa. Kila ilipofika moja, binti aliomba akae nayo siku nzima. Maneno ya serikali ni magumu, alisema. Aliikunja, akaenda nayo kuchota maji, akapita nayo machinjioni, akapita nayo mahemani kwa wajane. Kesho yake alisimama dirishani, akaishika vizuri, ndege juu, na kwa sauti ndogo akamwambia mzee serikali inataka nini.

Machinjio yahamishwe mbali na kijito. Kichimbwe kisima cha pili upande wa mahema. Kila mtaa uwe na upana wa mikokoteni miwili kupishana, moto usipate pa kurukia.

Mzee alitekeleza yote, hakuacha hata moja. Watoto wakaacha kuharisha.

"Serikali hii inatujua," wanawake walisema kisimani. "Utadhani imepanga chumba hapahapa."

Sasa mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa amefika, na mkoba wake ulikuwa juu ya meza.

Binti aliambiwa alete maji ya kunywa. Alileta, akawagawia bilauri wajumbe wa mji mmoja mmoja. Asubuhi ile, akifagia ngazi, alimsikia muuza mbao akiwaambia wenzake kwamba mtu anayepiga muhuri barua asizozijua anakwenda jela, awe mwenyekiti au nani. Muuza mbao ndiye aliyepeleka maneno makao makuu. Mtaa mpya ulikuwa umemega nusu ya kiwanja chake.

Mkaguzi alifungua mkoba, akatoa barua kumi na mbili.

"Zote zimerudi na muhuri," alisema. "Nami nimezunguka mji wenu tangu alfajiri. Ni mji mzuri. Mzuri kuliko nilivyotarajia." Akazipanga karatasi upya. "Ndiyo maana nataka mwenyekiti anisomee mwenyewe, moja baada ya nyingine, halafu anionyeshe kila agizo liko wapi."

"Miwani iko wapi leo, mwenyekiti?" aliuliza muuza mbao. "Au imebaki nyumbani tena? Miwani hiyo nayo haipendi kutembea."

Watu wawili walicheka. Binti alitaka kutoka, lakini sinia lilikuwa mikononi na mlango ulikuwa nyuma ya mkaguzi. Akabana mgongo ukutani. Akamwomba Mungu treni ipige honi, paa liezuke, chochote kile.

Mzee alisimama. Alijifuta mikono kwenye suruali kama mtu aliyetoka kushika udongo.

"Bwana mkaguzi, mimi ni mwashi. Nipe timazi, nitakuonyesha ukuta ulipopinda. Lakini karatasi sizijui. Sijui kusoma, hata jina langu silijui nikiliona."

Hata muuza mbao hakucheka.

"Hujui kusoma," mkaguzi alirudia polepole. "Sasa mji huu umeujengaje?"

"Kwa barua zenu." Mzee aligeuka, akamtafuta binti kwa macho pale ukutani. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyetua mzigo. "Ninaye msomaji wangu. Huyu hapa. Mnamwona amekaa kimya hivi, lakini hajaniangusha hata siku moja. Mimi mnifunge mkitaka, ila yeye mpeni barua zenu. Atawasomea zote, na mtaona hakuna agizo nililoliruka."

Mkaguzi akachukua barua ya juu na kumnyooshea binti.

Binti aliliweka sinia chini. Aliipokea barua. Chumba kizima kilikuwa kikimsubiri, na mzee alikuwa akimwitikia kwa kichwa, kumtia moyo, vilevile kama siku ile ya kwanza.

"Baba," alisema, "mimi pia sijui."