Safu Sita za Mwisho

Annegret alimhamisha baba yake kiti mara tatu kabla kahawa haijamiminwa. Kwanza alisema dirisha linapitisha baridi. Halafu akasema meza inayumba. Mara ya tatu hakutoa sababu; alimshika mzee kiwiko, akamkalisha akiyapa mgongo madirisha ya kulia, kisha yeye akakaa mbele yake.

"Unanizungusha kama pipa tupu," Ottmar alisema.

Hakusema kwa hasira. Tangu mkewe azikwe hakuwa na hasira wala furaha. Alikula alichowekewa, akavaa alichopewa.

Annegret naye hakusikia kitu ndani yake. Mwezi uliopita alikuwa ametia saini ya kuuza shamba la baba yake, kwa hati ya uwakili aliyopewa na mzee mwenyewe alipovunjika nyonga. Mnunuzi alitaka nyumba na ghala. Mizabibu ya mlimani hakuitaka. Mashine ya kuing'oa ingefika leo saa mbili asubuhi. Daktari alikuwa ameshaonya kwamba moyo wa mzee hautastahimili mshtuko mwingine. Kwa hiyo mauzo yakawa siri, na binti akakata tiketi mbili za meli, safari ya siku tatu kwenye mto Rhine, akaiita zawadi ya miaka themanini na moja.

Walipangiwa kupita kijijini kwao jana usiku, mzee akiwa amelala. Ukungu ukaizuia meli hadi alfajiri. Sasa wangepita saa mbili na nusu, kweupe.

Jörn, mhudumu wa meza, alileta mayai na kumtania mzee. "Wenzako wanapanda sitahani kuangalia ngome, wewe unaangalia kipimajoto."

Ndiye aliyemkuta huko juu kabla hakujapambazuka, na soksi tu miguuni, akisoma nyuzi tisa chini ya sifuri. Mzee alimwomba simu yake, eti amsalimie Gundel, bibi anayetunza ufunguo wa kanisa dogo la kijijini. Annegret alipoambiwa alishusha pumzi. Angalau alikuwa ametaka kuongea na mtu.

Kuhusu hizo nyuzi tisa hakutaka kufikiri. Kwao baridi ya namna hiyo ina kazi yake. Kila mwaka zabibu chache huachwa mtini chini ya wavu, zikisubiri nyuzi saba chini ya sifuri. Zikiganda hivyo huchumwa na kukamuliwa kabla hazijayeyuka, na mvinyo wake ni mtamu kama asali. Kengele ya kanisa hupigwa, na anayeisikia hubeba ndoo bila kuuliza ni shamba la nani. Ottmar alikuwa ameacha safu sita. Miaka minne ilipita bila baridi ya kutosha. Ikaja leo, siku ya mashine.

"Kula, Baba."

"Nakula."

Kipaza sauti kikatangaza ngome upande wa kushoto. Wageni wakasogea huko na simu zao, wakilalamika kwamba vioo vina ukungu. Ottmar hakuinua macho. Aligonga yai kwa kijiko, taratibu, akaanza kulimenya ganda kipande kwa kipande.

Annegret aliona mnara wa kanisa ukijitokeza kwenye kona ya mto. Baada yake ghala. Baada ya ghala mteremko. Alijiapiza kutotazama, kisha akatazama, kwa sababu ilibidi mmoja wao atazame.

Mashine ya manjano ilikuwa pale, chini ya mteremko. Ilikuwa imezimwa. Mlango wake ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu ndani.

Juu zaidi mlimani, katika zile safu sita, watu walikuwa wameinama bega kwa bega. Alimtambua mwanamke wa posta kwa kofia yake nyekundu. Alimtambua mchungaji. Waokaji mikate walikuwa bado na aproni zao nyeupe. Hata mtu mwenye ovaroli ya kampuni ya kung'oa mizabibu alikuwa ameshika ndoo. Pumzi zao zilipanda kama moshi.

Kikombe kilimgandia Annegret mkononi.

Ottmar alinyunyiza chumvi kwenye yai lake. Hakugeuka.

"Wamefika wangapi?" aliuliza.