Tiki Moja

"Huyu hapa mwizi wako," fundi Maxwell alisema, akimwonyesha Phelesia kioo cha simu. "Ameingia sasa hivi tu."

Phelesia aliinama atazame. Mvua ilipiga mabati kwa fujo, ikabidi wapigiane kelele ndani ya sebule moja. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya vyote vilivyoshika Wi-Fi ya nyumba: simu yake, televisheni, simu ya Maxwell, na kingine chenye herufi na namba tupu.

"Ni hawa vijana wetu wa Karungu," alifoka. "Kikulacho ki nguoni mwako! Wanaegemea ua wangu wakitazama mpira."

Hakuwa mchoyo, Phelesia. Alimwita fundi kutoka Migori kwa sababu moja tu: alikuwa akingoja neno la Lynnet, bintiye aliyeolewa kisiwani Mfangano, na aliogopa lisije likakwama kwa kuwa wezi wamejazana kwenye Wi-Fi.

Mara ya mwisho Lynnet alipopiga simu akilia, mama alimjibu kama alivyojibiwa yeye zamani: "Ndoa ni kuvumilia, nyathina, mwanangu." Kisha mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, akaja na habari kwamba Gordon, mume wa Lynnet, anampiga kama ngoma, na laini yake ya simu ameitafuna kwa meno. Maskini, simu ikabaki ya kubahatisha Wi-Fi ya watu.

Phelesia alijuta mpaka chakula kikamshinda. Aliandika kwenye WhatsApp: "Nilikosea. Rudi nyumbani." Tangu hapo, kila alipoamka aliufungua ujumbe ule. Tiki moja. Umetoka, haujafika.

"Password unatumia gani, mathe?" Maxwell aliuliza.

"Ile Lynnet aliweka Krismasi."

"Haijawahi badilishwa? Ndio maana. Kuna mzee huko Homa Bay, mtu alitumia Wi-Fi yake kukonia watu, kuwatapeli pesa. Polisi walikuja kwake, si kwa huyo mtu."

Phelesia alishika kifua. Nje, upande wa ziwani, mbwa alianza kulialia. Alichungulia dirishani na kumwona amesimama kwenye geti la nyuma, amelowa chapachapa, anatikisa mkia.

"Mbwa bure kabisa! Mwizi yuko nje, yeye anamtikisia mkia!"

"Nimblock?"

"Mfungie! Na ubadilishe hiyo password, asirudi tena."

Maxwell alibonyeza. Kile kifaa kikatoweka kwenye orodha. Akaweka password mpya, ndefu, akamwambia asimpe mtu yeyote, hata jamaa yake.

"Sasa uko salama, mathe." Alivaa koti la mvua, akatoka kwa geti la barabarani na pikipiki yake.

Phelesia alirudi kwenye simu na, kwa mazoea, akafungua ule ujumbe.

Tiki zilikuwa mbili.

Alipiga kigelegele peke yake. "Ero kamano, Nyasaye! Asante, Mungu!" Kumbe dawa ilikuwa kumtoa mwizi! Mwanawe ameupata ujumbe. Kesho atapanda boti. Alitandika kitanda cha Lynnet kwa shuka jipya, akachemsha chai akainywa yote. Mbwa aliendelea kulialia. Phelesia alimkemea kupitia dirisha, akafunga pazia, akalala kwa raha kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi alishuka kufungua geti la nyuma, aende ufukweni kungoja boti. Geti lilikataa. Kitu kizito kilikuwa kimeliegemea kwa nje. Alilisukuma kwa bega mpaka likaachia.

Lynnet alikuwa ameanguka kwenye tope, damu imekauka sikioni, mkono umekakamaa juu ya simu. Chini ya kioo kilichopasuka ulionekana ujumbe ambao haukuwa umetoka: "Nimerudi mama. Nifungulie geti."