Nyumba ya Pimbi Isiyo na Kuta

Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto wengi na miti michache. Akaiegemeza miti hiyo kichwa kwa kichwa, akaiezeka kwa nyasi mpaka chini, wakahamia. Ngiri, afisa majengo, akaja kukagua.

“Mama Pimbi, kuta ziko wapi?”

“Sina, mzee. Paa limefika chini.”

“Basi hii si nyumba, ni kofia. Kesho asubuhi tunaibomoa.”

Asubuhi ya kiofisi ilifika adhuhuri. Vibarua walipoinua mashoka, mvua ya mawe ikashuka, wote wakakimbilia ndani. Mawe yaligonga paa, yakateleza, yakamwagika nje. Ng'ambo, paa bapa la ofisi ya Ngiri liliyapokea yote kwa utii, kisha likaporomoka.

Ngiri aliliona kutoka mlangoni, mkononi ana bakuli la uji wa Pimbi.

“Ningekuwa mezani pale,” alisema. “Asante, mama. Amri nimeifuta.”

“Nami nakushukuru, mzee, kwa kuchelewa kazini.”

Ngiri akataka kusimama wima atoe shukrani rasmi, lakini mteremko wa paa haukumruhusu. Akazitoa akiwa ameinama.