Vitundu Viwili vya Pini

Muuzaji wa duka la suti alipoona ni nani anayeingia, alirudi hatua moja nyuma ya kaunta. Alikuwa baba mkwe wa dada yake.

"Mwanangu!" mzee akasema kwa bashasha. "Nataka koti kama lile ulilovaa harusini juzi."

Hiyo juzi, muuzaji aliwakusanya mashemeji akawapa somo. Mwanamume hakimbilii fasheni, aliwaambia; anashonewa koti moja la maana, analitunza, linamkaa miaka. "Kama hili langu." Wakamsikiliza vinywa wazi.

Kabla hajamjibu mzee, mwenye duka alishalitoa koti lenyewe, lile ambalo muuzaji alilichukua kimyakimya kwa ajili ya harusi na kulirudisha asubuhi hiyo.

"Una bahati, mzee. Limebaki hili moja, halijaguswa na mtu."

Mzee akalivaa. Likamkaa sawasawa. Akasogea kwenye kioo, akaupapasa ukosi, na kidole chake kikasimama penye vitundu viwili vya pini. Pale pale alipomchomekea muuzaji ua la harusi, kwa mkono wake mwenyewe.

Macho yao yakakutana kiooni. Muuzaji akainamisha uso, akaanza kukunja mashati yaliyokwisha kukunjwa.

"Lina kasoro, mzee?" mwenye duka akauliza.

"Halina hata kidogo. Nifungie."

Kisha akamsogelea muuzaji, akamwekea mkono begani, akamnong'oneza:

"Jumapili mnakuja kwetu, mwanangu. Wewe vaa tu shati lako."