Nilichokishangilia

"Mwalimu, njoo uone, nimelipata," nilisema, kidogo tu niruke. Darasa zima tulikuwa tunalisoma vitabuni, na mimi ndiye wa kwanza kuliona kwenye skrini ya ultrasound.

Moyo mdogo kama zabibu ulikuwa unapiga mbio, vyumba vyake vyote vinne vinaonekana. Lakini ule ukuta kati ya viwili vya chini, ambao kwa kawaida huwa umeshazibika mimba ikifika miezi miwili, ulikuwa na tundu, na damu inapita humo kama haina habari.

"Umepata nini, wifi?" aliuliza mke wa kaka yangu, tumbo limepakwa jeli. Alikuja kujitolea tu ili nifanye mazoezi. "Kama ni dume usimwambie kaka yako, ataringa mpaka tumkome."

Alikuwa anacheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka.

Mwalimu aliinama, akaitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akaniwekea mkono begani.

"Ni mapacha, au nini?" Wifi alinyanyua kichwa. "Mwalimu, mbona wewe hucheki?"

Nilijaribu kufunga mdomo. Meno yangu bado yalikuwa nje.